Muhuri au kisu cha umbo: uanze na kipi ukitengeneza kadi za mkono Tabora

Mtoto wa dada yangu anafundisha shule ya msingi, na anataka kutengeneza kadi za kuuza. Jumamosi alikuja kwangu Isevya na pesa alizodunduliza tangu Januari, zimefungwa kwenye leso. Akaziweka mezani, akaniuliza: “Mama mdogo, ninunue mihuri au ninunue ile mashine ya kukatia maua ya karatasi kwa visu vya umbo?”

Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikashindwa. Jibu linategemea kadi gani anataka kutengeneza, ngapi, na za nani. Tukakaa barazani mpaka adhana ya magharibi, vyombo vyangu vyote vimetandazwa mkekani, akijaribu kimoja baada ya kingine. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Karatasi kwanza

Watu wanahangaika na mapambo wakati karatasi yenyewe haifai. Karatasi ya fotokopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Hiyo ni ya barua, si ya kadi. Manila ya gramu 160 inakunjika vizuri, ila ukiisimamisha mezani inalegea. Ya 220 au 240 inasimama. Ukipaka rangi za maji, tafuta ya 300, la sivyo itajikunja kama jani lililokaushwa juani.

Chukua A4, yaani milimita 210 kwa 297, ikate katikati, upate vipande viwili vya A5. Kila kimoja ukikikunja unapata kadi ya A6, milimita 105 kwa 148. Bahasha inayoikaa sawasawa ni ile ya milimita 114 kwa 162. Ukiikosa, ile ndefu ya ofisini ya 110 kwa 220 inaipokea kadi bapa, ingawa itakuwa inateleza huku na huku ndani yake. Kabla ya kukunja, weka rula ya chuma kwenye mstari wa katikati, upitishe ncha ya bolpeni iliyokwisha wino mara mbili kwa nguvu ya wastani. Manila nzito ikikunjwa bila mfereji huo hupasuka mgongoni, na mteja anauona mpasuko kabla hajasoma neno lolote.

Jambo moja tu zaidi kuhusu karatasi, kwa kuwa lilinigharimu. Niliwahi kugonga kadi hamsini za kipaimara usiku, kwa wino mzito, juu ya manila inayong’aa. Nikazipanga moja juu ya nyingine, nikalala. Asubuhi kila kadi ilikuwa na maneno yake mbele, na mgongoni ilikuwa na maneno ya kadi ya chini yake, yamegeuka nyuma mbele. Karatasi inayong’aa hainywi wino. Mteja alikuwa anakuja saa nne. Nilimpigia simu nikamwambia ukweli, nikarudia zote kwenye manila isiyong’aa, na kwa kazi ya mihuri sijaigusa tena ile inayong’aa.

Muhuri

Muhuri unafanya kazi moja ambayo kisu cha umbo hakiiwezi kirahisi: unaandika. Kadi ni maneno kabla ya kuwa ua. Anayepokea kadi ya pole hatafuti kipepeo. Anatafuta neno lililoelekezwa kwake. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya niuweke muhuri mbele kwa mtu anayeanza.

Unaweza kuupata kwa njia tatu, na njia hizo hazilingani.

Ya kwanza ni fundi wa mihuri, yule yule anayewatengenezea walimu wakuu na watendaji wa kata. Wengi hawafikirii kwamba atakubali kutengeneza muhuri usio wa ofisi. Anakubali. Mpelekee maneno uliyoyaandika kwa mwandiko wako mzuri, kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, umwambie unataka mpira juu ya mpini wa mbao, siyo ile inayojipaka wino yenyewe. Inayojipaka wino ni ya haraka, ila umefungwa na rangi moja na ukubwa wa kasha lake. Hapa ndipo muhuri wa fundi wetu unapoipita mihuri mizuri inayotoka nje: ile ya nje inazungumza Kiingereza. Mimi nauza kadi za “Hongera kwa kuhitimu”, “Pole kwa msiba”, “Idi Mubarak”, “Heri ya ndoa”, na moja inayopendwa sana na wazee, yenye neno moja tu, salamu ya Kinyamwezi: “Mwangaluka”. Hakuna kiwanda ng’ambo kitakachokuchongea hilo.

Ya pili ni mihuri angavu, ya plastiki laini inayoonyesha mpaka upande wa pili. Haina mpini, unaibandika kwenye kipande cha akriliki, yaani plastiki ngumu kama kioo, unagonga, unaibandua. Uzuri wake ni kwamba unaona hasa pale unapogonga, kwa hiyo ua linakaa kwenye kona ulikokusudia. Ikiwa mpya huwa na utelezi unaoukataa wino, na alama inatoka na madoa meupe kama ukurutu. Isugue uso kidogo kwa raba ya kufutia penseli, itakubali. Ioshe kwa maji na tone la sabuni, iache ikauke kivulini. Ule unato wake utarudi. Usiiache dirishani. Jua huibadilisha rangi ikawa ya njano, kisha ikawa ngumu, kisha ikapasuka.

Ya tatu ni kuchonga mwenyewe, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Unahitaji raba kubwa nyeupe ya shule, wembe au kisu chembamba, penseli laini na subira. Chora picha yako kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, ukiikoleza mistari. Igeuze karatasi uso chini juu ya raba, uishike isisogee, kisha sugua mgongo wake kwa kijiko. Ukiinua, mchoro umehamia kwenye raba, umegeuka kushoto kulia. Hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe, kwa sababu ukigonga utageuka tena na kusomeka sawa. Kisha ondoa sehemu zote ambazo hutaki ziguse karatasi. Kata ukilaza wembe kuelekea nje ya mstari, ili kuta za mchoro ziwe pana chini na nyembamba juu. Ukikata kuelekea ndani, chini ya mstari kunabaki tupu, na baada ya kugonga mara ishirini mstari unalala na kukatika.

Kuchimba mifereji kwa wembe ni kazi ngumu. Nimechukua njiti ya chuma ya mwavuli uliovunjika, zile zenye mfereji katikati, nikainoa ncha yake kwenye jiwe la kunolea na kuichomeka kwenye kipande cha mti. Inachimba raba kama kijiko kinavyochota ugali wa moto. Kwa picha kubwa isiyo na mistari myembamba, kama jani la mwembe au samaki, soli ya kandambili iliyochakaa inatosha: ioshe, ikate, ibandike kwenye kipande cha mbao. Vipande vya mninga vinavyobaki kwa mafundi seremala ni vizito na havipindi, kwa hiyo vinafaa kuwa mpini.

Kugonga kwenyewe kuna adabu zake. Piga pedi ya wino juu ya muhuri kidogo kidogo, usiusugue muhuri kwenye pedi. Weka kitu laini chini ya kadi, hata gazeti lililokunjwa mara nne. Simama, bonyeza wima, hesabu mbili, inua wima. Ukiutikisa muhuri huku na huku kama karani mwenye haraka, kingo za mpira zitaacha alama usizozitaka.

Wino wa ofisi, ule wa bluu au zambarau, ni mwepesi, unanywewa na karatasi na kukauka haraka, ila kwenye manila yenye nyuzi nyingi unatambaa na herufi ndogo zinavimba. Wino mzito unakaa juu, rangi yake ni ya kina na haupauki upesi, lakini unachelewa kukauka. Mimi natumia mwepesi kwa maneno na mzito kwa maua. Na kiangazi cha hapa, Julai mpaka Oktoba, pedi inakauka huku unaiangalia. Ihifadhi imefungwa vizuri na uso ukiangalia chini, ili wino ushukie upande unaoutumia.

Kisu cha umbo

Hiki ni kipande chembamba cha chuma chenye makali pembeni, kimefuata umbo la ua, jani, nyota, herufi au ukingo wa kadi. Peke yake hakifanyi kitu. Kinahitaji mashine yenye rola mbili na mpini. Unapanga kibao cha plastiki ngumu chini, juu yake karatasi, juu ya karatasi kisu makali yakiangalia chini, halafu kibao cha pili. Unasukuma mpango mzima kwenye rola na kuzungusha mpini kama wa cherehani ya mkono. Unasikia vibao vinalia kwa kubanwa, mpini unakuwa mzito katikati, kisha unalegea. Ukifunua, ua limekatika kingo safi ambazo mkono na mkasi havitazifikia hata ukiwa na siku nzima.

Niliyoyapenda kwenye mashine yangu ni haya. Haihitaji umeme, kwa hiyo umeme ukikatika wiki ya harusi kazi inaendelea. La kwanza na la mia yanafanana. Inaweza kutoboa dirisha katikati ya kadi, ukaweka nyuma yake kitambaa au karatasi ya rangi nyingine, na hapo kadi inapata kina ambacho muhuri hauwezi kuipa. Na hakuna kinachotupwa: ua lililotoka unalibandika kwenye kadi moja, tundu lililobaki linakuwa dirisha la nyingine.

Sasa upande mwingine. Mashine peke yake, bila kisu hata kimoja, ilinigharimu kuliko mihuri yote niliyokuwa nimenunua kwa miaka minne. Kila kisu ni umbo moja la ukubwa mmoja. Ua la sentimita tano litabaki la sentimita tano maisha yake yote. Mashine ndogo hupitisha upana wa sentimita saba na nusu tu, kwa hiyo haikati ukingo wa kadi ya A6. Ya kawaida, ya sentimita 15 hivi, ndiyo inayofaa. Vibao vya plastiki navyo vinachakaa: kila mkato unaacha kovu, na vikitumika upande mmoja tu vinapinda kama bakuli. Vigeuze kila mara, juu chini. Vyangu naagiza kwa anayetoka Dar es Salaam, basi au treni ikifika ndiyo navipata, na nimewahi kukaa wiki mbili na oda mkononi nikisubiri.

Kuna na ubora wa visu wenyewe. Niliuziwa seti ya majani ambayo upande mmoja ilikata na mwingine ikaacha alama tu, kama ukucha kwenye unga. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Baadaye nilijifunza kwamba tatizo la namna hiyo mara nyingi linatibika: weka karatasi moja au mbili za ziada chini ya kibao, hasa upande usiokata, kubana kuongezeke, kisha geuza kisu robo mzunguko upitishe tena. Usilazimishe mpini ukigoma. Umbo lenye vitundu vidogo likigandia kwenye kisu, weka karatasi yenye nta kati ya kisu na manila, litaachia lenyewe. Hapa Tabora nta haitupi shida: yeyusha kidogo, paka kwenye karatasi nyembamba, piga pasi.

Kabla hujainunua mashine, jua kwamba sehemu ya kazi yake inafanyika bila hiyo. Fundi viatu ana vitoboleo vya chuma vya duara. Ukipanga manila tatu juu ya gogo ukapiga nyundo, unapata duara tatu safi. Kiolezo cha bati na wembe mpya vinakata dirisha la mstatili vizuri kabisa. Kinachokushinda kwa mkono ni kingo za mawimbi na maua yenye vitundu ndani.

Zipo pia mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta. Zinakata umbo lolote unalochora. Kwa anayeanza hazifai, maana umeme, kompyuta na mafunzo vinakuja kabla ya kadi ya kwanza.

Tuvipime kwa kazi moja

Binti alisema, “Mama mdogo, kwa maneno naona vyote vizuri.” Alikuwa na haki. Kwa hiyo tulivipima kwa oda ambayo nilikuwa nayo kweli: kadi 80 za mwaliko wa harusi.

Kwa muhuri, kila kadi inagongwa mara mbili, maneno kisha ua. Ni kugonga mara 160. Kwa mkono wangu uliozoea hiyo ni asubuhi moja, kisha unaziacha zikauke hadi kesho yake. Kosa moja linaua kadi nzima, kwa hiyo kata manila ya kadi tano au sita zaidi.

Kwa kisu, kila ua linapita kwenye rola mara moja au mbili, kisha linapakwa gundi, linawekwa mahali pake, linakandamizwa. Kukata 80 ni asubuhi. Kubandika ni mchana mzima. Kosa halina uchungu sana, kwa sababu ua lililoharibika ni kipande kidogo cha karatasi na kadi yenyewe bado nzima. Lakini maneno bado hayajaandikwa! Ama utayapeleka kwa mwenye printa kabla ya kubandika, ama utarudi kwenye muhuri.

Uzito nao uhesabiwe. Kadi iliyogongwa ni bapa, 80 zinaingia kwenye mkoba mmoja na bahasha inafunga. Kadi yenye maua ya tabaka tatu inavimba. Kwenye bahasha ya kawaida petali zinalala. Kwenye harusi moja ya nyuma, wageni wa Nzega na Urambo waliopelekewa kadi za namna hiyo kwa basi walizipata zimebonyea, na bibi harusi aliniambia hivyo kwa upole. Tangu hapo kadi ya kusafiri naipa muhuri, kadi ya kukabidhiwa mkononi naipa kisu.

Kwa kadi moja tu, ya mama yako au ya rafiki anayejifungua, hesabu inageuka. Hapo muda si tatizo, na ua la kukatwa linampa mpokeaji kitu cha kugusa kwa kidole. Lakini hakuna anayenunua mashine kwa kadi moja.

Nilimkumbusha pia kwamba kazi ya muhuri na rangi siyo njia ya maskini. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapwa ili iuzwe ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole aliiagiza, John Callcott Horsley akaichora, zikachapwa kama elfu moja, na rangi zikapakwa kwa mkono. Mashine ilirudia mistari, mkono ukatia uhai. Ukigonga ua lenye mistari mitupu kisha ukalipaka penseli za rangi, unafanya jambo lile lile.

Mapambo ya juu

Haya hayashindani na muhuri wala kisu. Yanakuja juu yake. Sitayapa yote nafasi sawa.

Unga wa kuyeyuka unanipendeza sana. Unagonga kwa wino mzito, na wino ukiwa bado mbichi unanyunyizia unga, unakung’uta uliozidi urudi kwenye kopo, kisha unautia moto mpaka uyeyuke na kung’aa ukiwa umeinuka kama dhahabu iliyomwagwa. Mashine ya kukaushia nywele haifai: inapeperusha unga kabla haijauyeyusha. Kama huna kipulizia moto maalumu, pasha kikaango kikavu cha chapati, shika kadi kwa koleo, mgongo wake uguse kikaango. Utaona unga unabadilika kutoka vumbi kuwa kioo, kuanzia ukingo mmoja kwenda mwingine. Ondoa hapo hapo. Kabla ya kugonga, pangusa karatasi kwa poda ya mtoto kidogo sana, unga usije ukagandia pasipo wino. Kiangazi chembechembe hizo zinaruka kila mahali. Huu unahitaji muhuri. Mwenye kisu peke yake hana pa kuuweka.

Nta ndiyo ya kwetu. Mkoa huu unajulikana kwa asali, na penye asali pana nta. Iyeyushe kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja. Nyuzi joto 65 zinaitosha. Chora jani au mawimbi kwa brashi kuukuu, acha igande, kisha paka rangi ya maji juu yake, au hata chai ya rangi iliyokolea. Penye nta rangi inakataa, na mchoro unabaki mweupe. Ni batiki ya karatasi. Mwisho weka kadi kati ya karatasi tupu mbili, piga pasi, nta inyonywe. Usitumie gazeti, wino wake utahamia kwenye kadi yako. Na kumbuka kwamba penye nta gundi haishiki na wino wa muhuri haukai. Gonga maneno kwenye kipande kingine, ukibandike pale ambapo nta haikufika.

Vipande vya kitenge kutoka kwa mafundi cherehani vinapendeza nyuma ya dirisha. Vipake uji mwembamba wa wanga wa muhogo, vianike, upige pasi, havitachanika nyuzi. Vikate kwa mkasi mkali, kwa sababu visu vyembamba vya umbo havipatani na nyuzi.

Vumbi la kumeta nimeliacha. Linadondoka kwenye chakula, na kwenye kadi ya pole halina heshima.

Nilivyomwambia binti yangu

Anafundisha, ana Jumamosi na jioni. Wateja wake wa kwanza watakuwa walimu wenzake, wazazi, na wanafunzi wanaotaka kuwatakia heri wenzao wanaoingia kwenye mtihani. Hizo ni kadi nyingi, za bei ndogo, zenye maneno ya Kiswahili yanayojirudia. Kwake ni muhuri, sina shaka nalo. Angekuwa mtu wa harusi mbili kwa mwezi, wateja wanaolipia umaridadi na kadi za kukabidhi mkononi, ningemwambia asubiri, adundulize zaidi, anunue mashine ya sentimita 15 na visu vitatu tu: ukingo mmoja, ua moja, jani moja. Na angekuwa anatengenezea ndugu zake tu, ningemwambia asinunue chochote, achukue raba, wembe na nta.

Kosa analotakiwa kuliepuka ni kugawa pesa nusu kwa nusu. Nusu ya mashine haikati kitu. Ukiwa na mihuri mitatu mizuri na pedi mbili, una kazi kamili. Ukiwa na mashine dhaifu na kisu kimoja, una oda utakazoomba radhi.

Tukafungua leso. Aliagiza kwa fundi mihuri miwili, “Hongera” na “Nakutakia heri katika mtihani”. Akanunua pedi nyeusi na pedi ya kijani, rula ya chuma, na pakiti ya manila ya gramu 220. Zilizobaki akazifunga tena. Mashine yangu ataazima akipata oda ya harusi, kwa sharti la kuja na vibao vyake mwenyewe.

Jana usiku alinituma picha ya raba aliyoichonga kabla muhuri wa fundi haujawa tayari. Ameandika “Hongera” moja kwa moja kwenye raba, bila kuihamisha kutoka kwenye karatasi, na imetoka nyuma mbele. Nimemjibu: “Usiitupe, mwanangu. Upande wa pili bado mzima. Kesho ukitoka kazini pitia hapa na penseli laini.”